Nimefunga boksi na kioo kirefu mwenyewe, sasa usukani unatetemeka kwenye kilomita 110 kwa saa. Nianzie wapi?

#1 KM_MiaTano
Wakuu salama? Naenda moja kwa moja.

Nina pikipiki ya 650, silinda 2, imeshatembea kilomita elfu 41. Nimeamua kuigeuza iwe ya safari ndefu, na kila kitu nafanya mwenyewe nyumbani. Miezi miwili nimekuwa nayo juu ya stendi, na kazi zilizofanyika ni hizi: keria ya nyuma ya bomba la chuma la milimita 20, nimepima, nimekata na kuchomelea mimi mwenyewe. Juu yake boksi la lita 52. Kioo cha mbele kirefu, kimezidi cha zamani sentimita 18, kimeshikwa kwenye hendeli. Hendeli yenyewe nimeinyanyua kwa vipande vya alumini vya milimita 30. Tairi la mbele jipya. Taa mbili za ziada.

Jumamosi nikaitoa barabarani. Mpaka 100 kimya kabisa, nikajipongeza. Kwenye 110 usukani ukaanza. Sisemi kuyumba, nasema kutetemeka, haraka haraka, kama mtu kashika ncha zote mbili za hendeli anapepeta ungo. Nikiachia mafuta inazidi kwanza, halafu ikifika 90 inakata kama hakuna kilichotokea.

Kabla ya hapo haikuwa na shida hii. Nianzie wapi?

#2 NatiYaKumi
Beringi za shingo.

#3 Mpira_wa_Tanki
Naweka kambi. Na mimi nina keria nusu imekatwa gereji.

#4 BibiGia
KM_MiaTano, yaani umebadilisha vitu vitano ndipo ukatoka kujaribu mara moja? Haya, imeshatokea. Jibu haya: ndani ya boksi kulikuwa na kilo ngapi? Katikati ya boksi ipo umbali gani nyuma ya ekseli ya tairi la nyuma? Na upepo wa matairi ulipima lini, yakiwa baridi au ya moto?

#5 KM_MiaTano
Boksi lilikuwa na zana zote, pampu, hema, koti la mvua, bomba la akiba. Nimelipima sasa hivi: kilo 14. Umbali nimening'iniza uzi wenye nati kutoka katikati ya boksi mpaka chini, nikapima hadi usawa wa ekseli: sentimita 36. Upepo... niliujaza nilipofunga tairi.

#6 Spana13
Fungua mfuniko wa boksi, soma kibandiko kilichoko ndani. Tunasubiri.

#7 KM_MiaTano
Kilo 10. Na mwendo usizidi 120.

#8 Spana13
😂😂😂 Endeleeni wakuu.

#9 Cheni_na_Spoketi
Tatizo limejulikana. Umeweka kilo 14 nyuma ya ekseli, maana yake umeondoa kilo 14 tairi la mbele. Tairi la mbele linaelea, lazima litetemeke. Punguza mzigo, uzi ufungwe.

#10 Mzani_wa_Bafuni
> Cheni_na_Spoketi: "umeondoa kilo 14 tairi la mbele"

Hapana mkuu, hesabu hiyo siyo. Ni nyenzo tu. Ekseli ya nyuma ndiyo egemeo. Kilo 14 mara sentimita 36, gawanya kwa umbali kati ya matairi mawili, tuseme sentimita 150. Unapata kilo 3.4. Hizo ndizo zilizotoka mbele. Nyuma zimeongezeka 17.4, yaani 14 za boksi pamoja na hizo 3.4.

Kilo 3.4 hata tanki likishuka kwa lita chache unazipoteza, maana lita moja ya petroli ni kama robo tatu ya kilo. Sasa mbona pikipiki haitetemeki kila tanki likikaribia kuisha?

#11 Cheni_na_Spoketi
Sawa nimekosea hesabu. Lakini boksi bado ndilo baya. Nakubali kilo, nakataa hitimisho.

#12 BibiGia
Nampa Cheni nusu ya hoja. Uzito kwenye mzani ni jambo moja, mahali uzito ulipo ni jambo jingine. Kitu kikiwa mbali na katikati ya pikipiki, ugumu wa kukigeuza unapanda kwa mraba wa umbali: mara mbili umbali, mara nne ugumu. Na boksi la juu halijakaa mbali tu, limekaa na juu vilevile. Kilo 14 hizohizo ungezigawa kwenye mabegi ya pembeni, chini, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, pengine usingefungua uzi huu.

Mimi sheria yangu ni moja: boksi la juu ni la vitu vyepesi, koti, glavu, mkate. Zana zinakaa chini karibu na injini.

#13 Upepo_Mkali
Wote mnazunguka. Mtu kaweka ubao wa sentimita 18 juu ya hendeli, hendeli hiyo hiyo inayogeuza tairi, mnamuuliza habari za boksi?

Nguvu ya upepo inapanda kwa mraba wa mwendo. Kutoka 100 kwenda 110 unaona ni tofauti ndogo, lakini upepo umeongezeka asilimia 21. Kutoka 80 kwenda 120 ni mara mbili na robo. Kioo kilichoshikwa kwenye hendeli kinapeleka kila kishindo cha upepo moja kwa moja kwenye usukani. Kioo kilichoshikwa kwenye chasisi kinapeleka kwenye chasisi, usukani haujui kitu. Ndiyo maana pikipiki kubwa za safari tangu zamani, mfano Gold Wing ya 1975, zilitoka kiwandani na kava la mbele lililofungwa kwenye chasisi.

#14 MzeeWaKabureta
Kijana, upepo uko sawa, historia umeikosea. Gold Wing ya kwanza, GL1000 ya 1975, ilitoka uchi. Silinda 4 zimelala, cc 999, shafti badala ya cheni, lakini haina kava wala boksi hata moja. Watu ndio waliozivisha wenyewe majumbani. Marekani wengi walinunua kava la Craig Vetter lililoitwa Windjammer wakafunga kwa mikono yao. Honda walikuja kuliona hilo, na mwaka 1980 wakatoa GL1100 Interstate ikiwa na kava na mabegi kutoka kiwandani. BMW waliwatangulia Honda kwa kava zima, R100RS ya 1976.

Kwa hiyo anachofanya KM_MiaTano gereji kwake ndicho kilichozaa hizi pikipiki mnazoziita za kisasa. Msimcheke sana.

#15 Upepo_Mkali
Shikamoo mzee. Nimepokea. Lakini Windjammer ilishikwa kwenye chasisi, siyo?

#16 MzeeWaKabureta
Marahaba. Chasisi, ndiyo.

#17 Spana13
Basi mbona Harley-Davidson Electra Glide lile kava lake la bawa la popo, lipo tangu 1969, linashikwa kwenye shokapu za mbele na linageuka na usukani? Mbona watu wanatembea nalo?

#18 Upepo_Mkali
Na mbona kampuni hiyohiyo ilipotoa Tour Glide mwaka 1980 ililihamishia kava kwenye chasisi? 😏

#19 Spana13
Kwa sababu wateja wengine wanapenda hivyo. Hadi leo wanauza aina zote mbili.

#20 NatiYaKumi
Beringi za shingo.

#21 KM_MiaTano
Nashukuru wote. NatiYaKumi, hizo beringi za pale usukani unapozungukia kwenye chasisi, unaweza kueleza kidogo mkuu?

#22 NatiYaKumi
Simamisha pikipiki stendi ya kati, weka jeki chini ya injini mpaka tairi la mbele liache ardhi. Usukani uweke katikati, uguse kidogo kwa kidole kimoja. Unatakiwa kuanguka wenyewe upande mmoja mpaka mwisho, taratibu, bila kukwama. Rudia upande wa pili. Ukiona pale katikati pana kijishimo, usukani unapenda kukaa hapohapo, beringi zimekwisha. Halafu shika miguu ya shokapu chini kwa mikono miwili, vuta na sukuma mbele nyuma. Ukisikia "tok", zimelegea.

Elfu 41 hujawahi kuzigusa. Nimemaliza.

#23 Mpira_wa_Tanki
Huyu mtu mwezi uliopita niliuliza taa yangu haiwaki, akajibu beringi za shingo.

#24 NatiYaKumi
Na waya ulikuwa umekatikia wapi?

#25 Mpira_wa_Tanki
...Shingoni 😭 pale unapopinda usukani ukigeuka.

#26 Rilei_87
Uzi mtamu. Nichepuke kidogo kwa sababu kuna kitu kimenitisha kwenye posti ya kwanza na hakuna aliyekiuliza. Hizo taa mbili za ziada ni za aina gani, na umeme umeuchukua wapi?

#27 KM_MiaTano
Halojeni wati 55 kila moja. Nimechukua kwenye waya wa taa kubwa, nikaweka swichi kwenye hendeli. Zinawaka vizuri tu.

#28 Rilei_87
Zitawaka vizuri mpaka siku zitakapowaka kupita kiasi.

Wati 110 gawanya kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 9. Unazipitisha kwenye waya mwembamba na swichi vilivyopangiwa taa moja. Mimi nilifanya hivyohivyo. Siku moja usiku nikasikia harufu, nikadhani ni ya gari la mbele. Nikasimama, nikashika swichi ya hendeli, kidole kikaacha alama kwenye plastiki. Ilikuwa laini kama nta.

Vuta waya mpya kutoka betri, fyuzi ya ampea 15 iwe karibu kabisa na betri, siyo kule mwisho kwenye taa, maana fyuzi inalinda waya uliopo baada yake. Kutoka fyuzi ingia mguu wa 30 wa rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme. Mguu wa 87 unaenda kwenye taa. 85 na 86 ni za kuamshia: mmoja hasi, mwingine ndiyo unauunga kwenye ule waya wako wa taa kubwa kupitia swichi. Swichi sasa inabeba umeme kidogo tu wa kuamsha rilei.

Halafu pima volti kwenye betri injini ikiwa inazunguka kama ya mwendo wa safari, taa zote zimewaka. Ukiona 13.5 kwenda juu, uko salama. Ukiona chini ya 13, betri ndiyo inalipa deni.

#29 Spana13
Nakazia ya Rilei. Na kwa pikipiki nyingi za Japani fuata zile waya tatu za njano zinazotoka kwenye koili ya kuchaji, angalia plagi yake. Ikiwa rangi ya kahawia au imevimba, imeshaanza kuungua. Safisha au badilisha kabla hujaongeza chochote.

#30 KM_MiaTano
Nimeenda kuangalia. Ina kahawia upande mmoja. Asante, hii peke yake imelipa uzi. Kesho naweka rilei.

Turudi kwenye mtetemeko. Nimepima shingo kama alivyosema NatiYaKumi. "Tok" hakuna. Lakini usukani ukipita katikati, kuna kitu kidogo sana, kama kusita. Sijui kama ndicho kijishimo chenyewe au ni nyaya za breki zinavuta kwa sababu nimenyanyua hendeli.

#31 NatiYaKumi
Ndicho.

#32 BibiGia
Taratibu. Mambo mawili. Kwanza, umenyanyua hendeli milimita 30. Kebo ya klachi, bomba la breki na nyaya zote sasa zimevutika. Zifungue kwenye vibanio vyake halafu urudie kipimo. Zikivuta zinaweza kuleta hisia ileile ya kusita. Na angalia pia, injini ikiwa inanguruma, geuza usukani mpaka mwisho kila upande: mlio ukipanda, kebo ya mafuta ni fupi, na hilo ni hatari kuliko mtetemeko wote huu.

Pili, kijishimo katikati, kwa uzoefu wangu, kinaleta pikipiki inayotangatanga, haishiki mstari mwendo mdogo, unairekebisha kila mara. Mtetemeko wa haraka ninaoujua mimi unatokana na beringi zilizolegea, siyo zilizochimbika. Yeye kasema "tok" hakuna.

#33 NatiYaKumi
Zinaweza kuwa zimechimbika na zimelegea kidogo kiasi ambacho mkono hausikii.

#34 Mzani_wa_Bafuni
Ngojeni tutenganishe maneno, naona tunachanganya magonjwa mawili. Kuna ule mtikisiko wa usukani peke yake, mara 4 hadi 10 kwa sekunde, huwezi hata kuhesabu. Na kuna pikipiki nzima kunyumbuka kama samaki, nyuma ikipishana na mbele, polepole, mara 2 au 3 kwa sekunde, na huo huja mwendo mkubwa zaidi na mizigo nyuma. Boksi zito nyuma kwa kawaida linalaumiwa kwa huu wa pili. KM_MiaTano anaelezea wa kwanza. Kupepeta ungo.

#35 Cheni_na_Spoketi
Kwa hiyo sasa boksi halihusiki? Kibandiko kinasema kilo 10 kwa urembo?

#36 Mzani_wa_Bafuni
Sijasema halihusiki. Boksi linaweza kuukaribisha, likipunguza uzito mbele na nyuma ikakaa chini. Nasema siyo lazima liwe chanzo.

#37 Dada_wa_Mabegi
Habari zenu. Nimesoma yote. Kukaa chini kwa nyuma hakuna aliyekupima. Kabla ya kutupa lawama, chukua futi. Pandisha pikipiki mpaka tairi la nyuma lining'inie, pima kutoka ekseli kwenda juu mpaka alama fulani kwenye mkia, weka utepe pale ili usikosee. Kisha ishushe, panda na nguo zako zote za safari, boksi limejaa, mtu mwingine apime tena. Tofauti ya vipimo hivyo iwe kama theluthi moja ya urefu wote ambao shokapu inaweza kushuka. Ikizidi, kaza ile pete ya springi.

Yangu ilikuwa inashuka karibu nusu. Nilipokaza, usukani ukawa mwingine kabisa. Sikuwa na mtetemeko, lakini kona zilikuwa zinanichosha mikono bila kujua kwa nini.

#38 Spana13
Na taa kubwa ilikuwa inamulika ndege.

#39 Dada_wa_Mabegi
Ndiyo hilo, wenzangu wa mbele walikuwa wananilaani 😄

#40 KM_MiaTano
Ripoti ya leo. Nimejaribu asubuhi hakuna upepo, barabara moja, kwenda na kurudi:

Boksi tupu, kioo kirefu: inaanza 118, hafifu.
Boksi limetolewa, kioo kirefu: nimefika 125 hakuna.
Boksi na kilo 6, kioo cha zamani: inaanza 115, hafifu lakini ipo.
Boksi limetolewa, kioo cha zamani: hakuna.

Kushuka kwa nyuma: ikining'inia 585, nikiwa juu na boksi limejaa 528. Milimita 57. Kitabu kinasema shokapu inashuka 130.

#41 Cheni_na_Spoketi
BOKSI. Asanteni kwa kunisikiliza.

#42 Upepo_Mkali
Soma vizuri mkuu. Boksi tupu na kioo kirefu, mtetemeko upo. Boksi tupu lina uzito gani, kilo 4? Kilo 4 zinatikisa pikipiki nzima? Siyo uzito, ni upepo unaovunjika nyuma ya kioo, unapita juu ya kichwa chake, unagonga boksi. Kioo kikirefuka, upepo mchafu unaangukia nyuma zaidi. Angesogeza boksi mbele sentimita 15 likamfuata mgongoni, tungeona.

#43 Mzani_wa_Bafuni
57 kwa 130 ni asilimia 44. Theluthi ingekuwa 43 hivi. Nyuma imekaa chini, Dada_wa_Mabegi yuko sahihi.

#44 Rilei_87
Na kioo cha zamani na kilo 6 unakielezaje, Upepo? Kioo kifupi, mtetemeko upo.

#45 Upepo_Mkali
Upepo unakuwepo hata bila kioo mkuu.

#46 Rilei_87
Hiyo ni dini sasa.

#47 MzeeWaKabureta
Hakuna aliyeuliza tena habari ya upepo wa matairi. BibiGia aliuliza posti ya 4, akajibiwa "niliujaza". Ngapi?

#48 KM_MiaTano
Nimepima, baridi: mbele bari 1.9. Kitabu kinasema 2.5. Nilidhani ni 2.0 kwa sababu ndivyo nilivyokuwa najaza pikipiki yangu ya zamani. Naomba msinichome moto.

#49 Spana13
Uzi mzima, hesabu za mraba, historia ya 1975, na tairi lina upepo wa baiskeli 😂

#50 Mpira_wa_Tanki
Nimecheka mpaka nimemwamsha mtoto.

#51 BibiGia
Tumeshacheka, sasa kazi. Jaza 2.5. Kaza springi ya nyuma mpaka ipungue. Usiguse kingine CHOCHOTE. Jaribu.

Na wakati mnajaribu vitu kama hivi: ikianza kutetemeka usiishike hendeli kwa nguvu, mikono iliyokakamaa inaongeza. Shika kawaida, inama mbele kidogo uipe mbele uzito, achia mafuta polepole. Breki ya mbele kwa pupa hapana.

#52 Cheni_na_Spoketi
Mimi huwa naongeza mafuta, inatulia.

#53 BibiGia
Ukiongeza mafuta na isitulie utakuwa na tatizo lilelile kwa mwendo mkubwa zaidi. Sitamshauri mtu.

#54 Mpira_wa_Tanki
Wakati tunasubiri ripoti: kioo kirefu mnakitoboaje? Changu kimepasuka tundu la pili. Nilitumia drili ya kawaida, polepole.

#55 Dada_wa_Mabegi
Ni akriliki au polikaboneti? Akriliki inapasuka kirahisi. Bandika selotepu pande zote mbili, weka kipande cha ubao nyuma, tumia keekee ya ngazi inayopanuka taratibu, mkono uwe mwepesi, hasa inapotaka kutokea upande wa pili. Tundu liwe kubwa kuliko bolti, kwa sababu plastiki inapanuka na joto, halafu weka washa ya mpira. Usikaze kama unakaza injini.

Na usipake gundi ya kuzuia nati kulegea kwenye bolti za kioo! Nilipaka. Baada ya wiki kukawa na nyufa ndogondogo kama utando wa buibui kuzunguka kila tundu. Ile dawa inakula plastiki, na petroli pia. Tumia nati zenye nailoni ndani.

#56 Mpira_wa_Tanki
Kumbe. Changu nilikifuta na petroli kuondoa gundi ya kibandiko. Akriliki. Pole yangu.

#57 KM_MiaTano
Ripoti. Mbele 2.5, nyuma 2.9 kama kitabu kinavyotaka kwa mzigo. Springi nimekaza, sasa inashuka 45. Boksi kilo 9, kioo kirefu.

Usukani umekuwa mwepesi, kona nzuri, nashangaa nilikuwa naendesha nini. Lakini mtetemeko bado upo. Umehamia 122, mdogo, na nikiachia mafuta hauzidi tena kama mwanzo.

#58 Mzani_wa_Bafuni
Huko 122 umepita hata kibandiko cha boksi. Kwa matumizi ya kawaida umepona.

#59 KM_MiaTano
Haijapona mkuu, imejificha. Kabla ya kazi hii nilikuwa naipeleka 140, mikono kama iko mezani.

#60 Upepo_Mkali
Sogeza boksi mbele.

#61 NatiYaKumi
Ulifungua nyaya kama alivyosema BibiGia ukarudia kipimo?

#62 KM_MiaTano
Ndiyo. Kusita kumepungua lakini kupo.

#63 NatiYaKumi
Haya.

#64 MzeeWaKabureta
Kuna kimoja hatujakigusa. Tairi jipya la mbele. Lilisawazishwa na rimu? Limefungwa kwa mwelekeo wa mshale? Na mistari ile myembamba karibu na ukingo wa rimu, inakaa sawa mzunguko wote? Mimi niliwahi kufunga tairi nyumbani, mstari ukawa umezama sehemu moja milimita 3. Kwenye 80 unajisikia kama rimu imepinda. Niliutoa upepo, nikapaka maji ya sabuni, nikajaza upya mpaka likalia "pa", likakaa.

Kama lina nakshi tofauti na la zamani, hiyo nayo ni hadithi yake. Kuna matairi na pikipiki ambazo hazipatani tu. Rudisha tairi la zamani siku moja ujue.

#65 KM_MiaTano
Mshale sawa, mstari sawa. Kusawazisha sikufanya, nilidhani mbele hakuna haja. La zamani nimelikata katikati, watoto wamefungia bembea.

#66 Spana13
Uzi huu hautaisha.

#67 Dada_wa_Mabegi
Kusawazisha unaweza mwenyewe. Toa tairi, pitisha ekseli, weka ncha zake juu ya viti viwili, toa msuguano wa breki. Zungusha polepole, liache lisimame. Sehemu inayosimama chini ndiyo nzito. Weka gramu upande wa juu, mkabala na hiyo nzito, kwa kuhangaika mpaka lisimame popote.

#68 KM_MiaTano
Jumapili nafanya. Nitaleta majibu.

#69 Cheni_na_Spoketi
Wakati unasubiri Jumapili, hicho kiti umekifanyaje? Safari ya kilomita 500 na kiti cha kiwandani ni adhabu.

#70 KM_MiaTano
Sponji nimekata kwa kisu cha umeme cha jikoni, nikapunguza mbele nikaongeza pale mifupa ya makalio inapokaa. Nimelinganisha kwa kukaa juu ya boksi la karatasi gumu, linaacha alama mbili. Ngozi bado haijafungwa, nasubiri pini za chuma kisichoshika kutu.

#71 Rilei_87
Kwa hiyo majaribio yote hayo ulikuwa umekaa juu ya sponji isiyofungwa?

#72 KM_MiaTano
Imefungwa na kamba.

#73 BibiGia
Mungu wangu.

#74 Gia_ya_Tano
Habari wakuu, mgeni hapa. Nimeupata uzi huu nikitafuta tatizo kama hili. Yangu haina boksi wala kioo, matairi yana upepo sawa na yamesawazishwa. Nimebadilisha beringi za shingo wiki iliyopita, mpya kabisa, na tangu hapo ndiyo imeanza kutetemeka.

#75 Mpira_wa_Tanki
@NatiYaKumi unaitwa huku 😂😂

#76 NatiYaKumi
Ulizikaza kiasi gani?